Maswali yenu: kwenda kupumzika nyumbani kwa Kipling

Tangu niseme likizo nimeenda Bateman's, ile nyumba ya mwandishi Rudyard Kipling kijijini Burwash huko Uingereza, maswali hayaishi, haya tujibu.

Inatosha siku nzima kweli? Mi makumbusho yananiboa.
Ndani tu haitoshi. Ila nani kakwambia ukae ndani? Toka nje bana. Kuna bwawa alilijenga kwa hela ya tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1907, na wageni walikuwa wanatumbukia humo mpaka kwenye kitabu cha wageni wakawa wanaandikiwa FIP, yaani huyu kaanguka bwawani 😂. Ukimaliza hapo shuka taratibu hadi kwenye kinu cha maji, Kipling alifungia mtambo pale akapata umeme wa kuwasha taa za nyumbani, kaa kwenye majani hapo, hakuna anayekufukuza.

Ndani nisikose nini?
Chumba cha kuandikia, juu, meza na vitabu kibao. Lakini mi kilichonishika ni kile chuma cha kuvutia kengele mlangoni. Utotoni Kipling na dadake waliachwa kwa walezi mji wa Southsea, aliteseka sana, raha yake ilikuwa Desemba akienda London kwa mama yake mdogo, na akifika anakivuta chuma hichohicho. Alipopata nyumba yake akakiomba akapewa. Wengi wanapita bila kukiangalia.

Huyu si ndo yule wa kusifia ukoloni? Mnafuata nini kwake?
Ndo huyo huyo, lile shairi lake la 1899 la mzigo wa mzungu halifichiki na mi silitetei. Nyumba ya mtu nadhani unaweza kuitembelea bila kumsujudia. Na Vita ya Kwanza ya Dunia aliyoishabikia ilimpiga mwenyewe, mwanae John alikuwa haoni vizuri, jeshi likamkataa, baba akaongea na wakubwa mpaka akachukuliwa, akapotelea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, 1915 ana miaka 18 tu.

Watoto watapenda?
Bwawa, kinu, na gari la Kipling, Rolls-Royce, lipo bado. Watapenda.

Bila gari nafikaje?
Treni toka London Charing Cross, shuka Etchingham, halafu teksi, si mbali. Iweke oda mapema maana ni kijijini. Nyumba iko chini ya National Trust, shirika la kutunza majumba ya kale huko, mke wa Kipling aliwaachia alipofariki 1939, so kama ni mwanachama wao hulipi kiingilio.