Leaf ya kWh 24 kwa mtu wa Rongai: usiangalie kilomita, angalia asilimia

Ndugu uliyeuliza kama Nissan Leaf, gari la stima lenye betri ya kWh 24 linaloonyesha kilomita 110, litakutosha kwenda mjini Nairobi kila siku kutoka Rongai: ninalo la aina hiyo, mwaka wa tatu sasa, nami nakaa Limuru. Hizo kilomita za dashibodi usizishike sana. Gari hukisia tu kutokana na ulivyoliendesha hivi karibuni, halijui unakoelekea.

Kwangu asubuhi ni mteremko. Limuru iko juu ya jiji kwa takriban mita 500, kwa hivyo nikiachilia eksileta kuanzia Rironi, mota inageuka jenereta na kurudisha stima kwenye betri. Ndiyo maana nachomoa chaja betri ikifika asilimia 90. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuiweka stima ya mteremko. Jioni napanda mlima uleule, na hapo kilomita 30 hula karibu mara mbili ya asubuhi. Siku hizi nikiwa mjini na asilimia chini ya 45, naenda kuchaji kwanza. Napiga simu kabla, maana Leaf hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka na vituo vingine vina CCS2 pekee, plagi ya aina nyingine.

Hayo nilijifunza kwa njia ngumu. Jioni moja ya Julai, manyunyu yakianguka, nilipitia mtaa wa Karen kumchukua mtoto kwa shangazi yake. Niliogopa jamu ya Kangemi, kumbe gari la stima likisimama halili karibu chochote. Kilichonimaliza ni ukungu wa huku juu. Nikizima hita, kioo kinafunga mvuke sioni barabara. Nikiiwasha, asilimia zinayeyuka. Tulifika langoni na asilimia 4, mtoto amejifunika koti langu, mikono yangu inatetemeka. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "pitia hapa kidogo," nauliza kwanza hapo ni wapi.

Wewe huna mlima wangu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 40, na hata betri iliyochoka itakufikisha, mradi usikimbize sana kule kwenye bypass, kwani mwendo wa 100 hula zaidi sana kuliko wa 70. Swali lako zito ni ploti unayokaa. Kwa soketi ya kawaida, betri hiyo huchukua usiku mzima kujaa, na stima ikipotea saa nane usiku, asubuhi unaondoka na ulichonacho. Kabla hujalipia gari, ongea na mwenye ploti akuruhusu kuweka mita yako ya tokeni pale unapoegesha.

Ukienda kuliona hilo gari, hesabu ile mistari midogo ya afya ya betri upande wa kulia wa dashibodi. Jipya huwa na 12. Langu lina 9, na hesabu zote nilizokupa ni za hiyo 9.