Simu Yako, Minara ya 5G na Hofu ya Kutua

Mimi ni mwoga wa ndege, na dawa iliyonifaa ni kujua kila kifaa kinafanya kazi gani. Mtu akiniambia mitandao inaangusha ndege, namuuliza: mtandao upi, na kifaa kipi?

Hofu kubwa ya miaka ya karibuni haikuwa simu za abiria, bali minara ya 5G ardhini huko Marekani. AT&T na Verizon, kampuni za simu za huko, zilipata masafa ya mawimbi ya redio kati ya gigahezi 3.7 na 3.98. Altimita ya redio, ambayo hutuma mawimbi chini na kuyapokea yakirudi ili rubani ajue yuko futi ngapi juu ya ardhi, hutumia 4.2 hadi 4.4. Kwa tarakimu, pana nafasi. Ila altimita nyingi zilibuniwa wakati majirani wa masafa hayo walikuwa satelaiti zenye mawimbi hafifu, hivyo vichujio vyake vya kuzuia mawimbi ya jirani havikuwa imara. Ni kama umezoea jirani mkimya, kisha anahamia mwenye spika.

Chini ya futi 2,500 ndipo kifaa hiki kinapohitajika hasa, zaidi kukiwa na ukungu na ndege inajitua yenyewe. Februari 25, 2009, ndege ya Turkish Airlines ilianguka karibu na Amsterdam, watu 9 wakafa. Altimita moja ilisoma futi 8 chini ya sifuri ndege ikiwa bado angani, mfumo ukapunguza nguvu ya injini, na marubani wakachelewa kugundua. Chanzo hakikuwa 5G, lakini ndiyo picha ya madhara ya namba moja ya uongo.

Ndiyo maana siku minara ilipowashwa, Januari 19, 2022, Emirates na wengine walifuta baadhi ya safari za Marekani. Kampuni za simu zikakubali kujizuia karibu na viwanja vya ndege, na mashirika ya ndege yakalazimika kuweka vichujio au altimita mpya. Kwangu mimi hilo linatuliza kuliko kuambiwa "usiogope".

Sasa simu yako. Weka hali ya ndegeni kabla mlango haujafungwa. Simu isiyopata mnara huongeza nguvu ikiutafuta, na marubani huweza kusikia mikwaruzo masikioni, ile tr-tr-tr inayotoka kwenye spika ya redio simu ikikaribia kuita. Haiangushi ndege, ila wakati wa kutua nani anataka kelele hiyo huku anasikiliza maelekezo? Wi-Fi ya ndani ya ndege itumie bila wasiwasi. Ndege iliyofungwa mtambo huo hupimwa kwanza.

Na jirani asiyezima? Mwambie mara moja kwa upole, akikataa mwite mhudumu, usigombane. Mimi naogopa zaidi simu iliyodumbukia kwenye kiti. Usisogeze kiti kuitafuta: betri ikibanwa inaweza kuwaka moto. Mwite mhudumu aitoe.