Kongosho: Maneno kwa Madaktari Wanaoanza Kazi Wodini

Ndugu zangu mnaoanza kazi katika hospitali zetu za Uganda, kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, mahali ambapo vidole vyetu havifiki, na kwa sababu hiyo ugonjwa wake hutambuliwa kwanza kwa maelezo ya mgonjwa, vipimo vikafuata kuyathibitisha au kuyakanusha.

Katika mchochota wa ghafla, yaani kongosho linapovimba na kuwaka ghafla, maumivu hushika chembe cha moyo na kupenya hadi mgongoni. Mgonjwa hutapika bila kupata nafuu, na wengi hukataa kulala chali, wakaketi wameinama huku wamekumbatia tumbo. Mkimuuliza habari za pombe, ambayo huweza kuleta ugonjwa huu, mbele ya mama mkwe wake, atakana. Subirini ndugu watoke, kisha mwulizeni kwa upole kama ni waragi, tonto au malwa, kiasi gani na tangu lini.

Kwa vigezo vya Atlanta, vya kimataifa vya kutambua mchochota wa ghafla, vilivyorekebishwa mwaka 2012, yatosha kupata mawili kati ya matatu: maumivu ya namna hiyo, lipasi au amilasi (vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa katika damu) iliyofikia angalau mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida, na picha inayoonyesha mabadiliko ya kongosho. Mawili ya kwanza yakipatikana, msiwatume ndugu kutafuta fedha za skani ya CT siku hiyohiyo, kwa kuwa sehemu za kongosho zilizokufa huonekana vizuri zaidi baada ya saa 72. Kumbukeni pia kwamba amilasi hushuka mapema kuliko lipasi, hivyo mtu aliyekaa nyumbani siku kadhaa akimeza dawa za malaria aweza kufika na amilasi ya kawaida ilhali bado anaumwa. Tena amilasi hupanda kwa matubwitubwi, kwa utumbo uliotoboka na kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mwanamke wa umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya lolote.

Altrasaundi ifanyike kwa kila mgonjwa, hata kama gesi ya utumbo italiziba kongosho lenyewe, kwa kuwa huonyesha vijiwe vya nyongo, mrija wa nyongo uliopanuka, na pengine mnyoo aliyeingia humo.

Mchochota sugu hupotea machoni petu kwa urahisi. Kijana aliyekonda, mwenye kisukari na kinyesi chenye mafuta, apigwe eksirei ya tumbo, kwani chokaa iliyoganda ndani ya kongosho huweza kuonekana hapo. Jambo hili linatuhusu: mwaka 1964 daktari A. G. Shaper alichapisha makala kuhusu kongosho lenye makovu na chokaa lililoonekana kwa wagonjwa wa Uganda.

Saratani ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa kuwa wengi hufika wamechelewa. Macho ya manjano bila maumivu, au kisukari kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50 na anayekonda, yatoshe kuwashtua. Kipimo cha damu cha CA 19-9 peke yake haithibitishi saratani, maana hupanda hata mrija wa nyongo ukizibwa na kijiwe. Kinachohitajika ni skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, na mara nyingi kipande cha nyama kwa ajili ya maabara. Mnapomwandikia rufaa ya kwenda hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, tajeni siku umanjano ulipoanza, uzito uliopungua, kiwango cha bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo katika damu) na upana wa mrija wa nyongo, ili anayempokea asianze upya.