Umetoka hospitali unaingia maabara ya chakula? Kitabu cha kununua kwanza

Mkuu, nimekuelewa. Umekaa benchi la mikrobiolojia hospitali ya wilaya miaka mitatu, sasa umepata kazi kiwanda cha maziwa, na unauliza kama Cheesbrough (kitabu cha kazi za maabara ya wilaya) na Jawetz (kitabu cha mikrobiolojia ya tiba) ulizonazo zitatosha au uongeze kitabu, na kama hela ni ya kimoja tu kiwe kipi. Njia hiyo nilishaipita, vumilia maana nitaandika kirefu.

Hazitoshi. Nitakueleza nilivyojua, na si kwa kusoma.

Mwezi wangu wa pili maabara ya chakula ililetwa sampuli ya wali kutoka kantini moja. Watu walikula saa 7 mchana, kufika saa 9 wanatapika. Wali wenyewe ulipikwa jana yake jioni, ukalala kwenye sufuria kubwa na mfuniko juu, asubuhi ukapashwa moto. Mimi nikaotesha kama nilivyozoea kuotesha choo cha mgonjwa, kwenye sahani tatu: XLD na MacConkey za kunasa bakteria wa tumboni, na agari ya damu. Kesho yake XLD safi, MacConkey safi. Kwenye damu yameota makoloni mapana ya kijivu, uso umekwaruzika kama kioo cha dirisha la bafuni, na pembeni damu imeyeyuka. Nikapiga Gram, ile rangi ya kutofautisha bakteria: fimbo nene za zambarau zimeungana kama mabehewa. Bacillus. Hospitalini ukiona hivyo unajua vumbi limeingia, unaandika "uchafuzi" unatupa sahani. Nikajaza fomu: hakuna kimelea cha ugonjwa.

Msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima, akanirudishia fomu.

"Mwanangu, umehesabu?"

"Nihesabu nini mama, si uchafu tu huo."

"Kwenye wali?"

Akanifungulia ukurasa. Bacillus cereus: spora zake (umbo gumu la bakteria aliyelala) zinavumilia kuchemshwa, wali ukipoa taratibu ndani ya sufuria kubwa zinachipua na kuzaana, na ile aina ya kutapisha inaacha sumu ambayo nyuzi 121 kwa dakika 90 haziivunji. Kwa hiyo hata kupasha kiporo kukiua bakteria, sumu inabaki palepale. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa 6, sawasawa na watu wetu. Na kinachotafutwa ni idadi: ikifika laki moja kwa gramu na kuendelea, hapo unashuku chakula. Tukazimua upya, tukamwaga kwenye MYP, sahani ya kumtafuta huyu yenye kiini cha yai ndani, yakaota makoloni ya waridi yenye duara jeupe la kiini cha yai kuzunguka kila moja. Ilitoka zaidi ya milioni kwa gramu. Fomu yangu ya kwanza ingeenda vile ilivyokuwa, ile kantini ingeambiwa chakula kiko salama. Naikumbuka mpaka leo.

Jawetz ukiifungua Bacillus cereus yumo, sikatai. Ila yumo kama ugonjwa. Hakuambii uzimue mara ngapi, wala ngapi kwa gramu ni nyingi.

Jibu la swali lako sasa: nunua Food Microbiology ya Adams na Moss. Toleo la kwanza ni la 1995, la nne la 2015. Wengi watakutajia Modern Food Microbiology ya James Jay, na ni kitabu kizito kweli, mimi nakitumia nikitaka takwimu za aina moja ya chakula. Lakini kwa mtu anayeanza, Jay ni ghala: kila kitu kimo, ila mpaka ukipate. Adams na Moss wanakueleza kwanza kwa nini mtindi hauozi kama maziwa, halafu ndipo wanakuletea bakteria. Kwa kiwanda cha maziwa hiyo ndiyo unayoihitaji wiki ya kwanza.

Hela usitumie kwa vitabu vya mbinu. BAM, mwongozo wa mbinu za bakteria wa FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani), iko bure mtandaoni: sura ya 5 ni Salmonella, ya 12 Staphylococcus aureus, ya 14 Bacillus cereus. Chapa hizo tatu, weka kwenye faili benchini. Utaona mwenyewe tofauti na hospitali. Choo unakipaka moja kwa moja kwenye XLD. Unga wa maziwa unapima gramu 25, unaweka kwenye mililita 225 za maji ya peptoni, unalaza nyuzi 37 usiku kucha kabla ya kwenda popote, kwa sababu bakteria aliyepita kwenye joto na ukavu amejeruhiwa, lazima umuamshe kwanza. Ukiruka hatua hiyo utaandika "hakuna" wakati yupo.

Kwa maziwa, sura ya 12 isome mara mbili. Japani mwaka 2000 umeme ulikatika kama saa 3 kwenye kiwanda cha unga wa maziwa Hokkaido. Maziwa yakakaa na joto, Staphylococcus aureus akazaana akatoa sumu, kisha joto la kiwandani likamuua, unga ukapita vipimo vya bakteria. Watu zaidi ya 13,000 waliugua, wengi eneo la Osaka. Sasa fikiria kukatika kwa umeme kwetu, halafu uangalie logi ya jenereta ya kiwanda chako kabla hujaangalia sahani.

Uliuliza pia kuhusu matoleo ya zamani yanayouzwa mitumba. Chukua, lakini majina yamehama. Enterobacter sakazakii wa kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga sasa ni Cronobacter, tangu 2007 na 2008. Enterobacter aerogenes amekuwa Klebsiella. Bergey's, kitabu kikubwa cha kupanga bakteria kwa makundi, usinunue kabisa, utakuwa unaipangusa vumbi tu. Na kwa vipimo vya antibiotiki usitegemee kitabu chochote cha zamani, jedwali la EUCAST (kamati ya Ulaya ya vipimo hivyo) linatoka upya kila mwaka na ni bure, ingawa kiwandani hutalihitaji sana.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha maziwa mabichi, EAS 67, uwe nacho mezani. Mkaguzi akija hakuulizi Jay amesema nini.

Cheesbrough juzuu ya pili usiiuze. Siku media ya kuoteshea imekataa kuganda, au Gram yako yote imetoka nyekundu, hao waandishi wa vitabu vya chakula hawatakusaidia, wanadhani una fundi wa kukutengenezea. Yangu imetoka jalada, nimeibana kwa gundi ya katoni, na bado iko rafu ya kwanza juu ya inkyubeta.