Kizimba Ziwa Victoria, mwenyewe ukiwa Nairobi
Uliyeuliza kama kizimba kimoja cha kufugia samaki, yaani chumba cha wavu kinachoelea ziwani, kinaweza kulipa: ndiyo, ila chakula ndicho kinachoamua. Kizimba cha mita 2 kwa 2 kwa 2 weka vifaranga 800 wa ngege (tilapia), madume watupu, wasiopungua gramu 10. Wadogo zaidi hupenya matundu ya wavu. Ukivuna 700 wa gramu 350 baada ya miezi 6 hadi 8, hizo ni kilo 245, na watakuwa wamekula takriban kilo 370 za chakula kinachoelea. Piga hesabu hiyo kwa bei ya leo kabla hujanunua wavu.

Kinachofilisi watu ni oksijeni. Upepo mkali ukivuruga ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda, na kizimba kizima huweza kufa usiku mmoja. Kwa hiyo epuka ghuba zilizojifunga, na sugua wavu mara kwa mara ili maji yapite. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, tafadhali usiwalishe.

Soko la Gikomba, Nairobi, lipo, lakini utashindana na samaki wa barafu kutoka Uchina. Tafuta mnunuzi kabla ya kuvuna.