Guilin kwa hela ya kawaida ukitokea Guangzhou: jibu kwa aliyeuliza kuhusu paketi ya dalali

Mkuu, nimekusoma. Mwishoni mwa Oktoba uko Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara ya Canton, shemeji anakufuata, na mzigo ukishafungwa mnataka siku nne au tano za kupumzisha kichwa Guilin, mji wa kusini mwa China unaosifika kwa milima yake. Dalali wa pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakojaa wafanyabiashara wa Kiafrika, amekupa paketi ya yuan 5,000 kwa watu wawili, siku tatu, basi, mwongozaji na viingilio humo humo, nawe unauliza kama hiyo bei ni ya haki.

Kwa huduma anayokupa, huenda ni ya haki. Ila mimi nisingeichukua. Unachokifuata Guilin ni milima, na milima ile haina geti. Paketi inakuuzia mageti: pango lenye taa za rangi, onyesho la usiku, kijiji cha "utamaduni", halafu duka la chai na la vito ambako basi linasimama mpaka watu walegeze mfuko. Mandhari yenyewe mnaipitia dirishani.

Kwanza elewa ramani, maana hapo ndipo hela inapookolewa. Guilin ni mji mkubwa kiasi, una vilima vyake vya chokaa katikati ya majengo, mzuri tu. Lakini uzuri ule wa kwenye kalenda unaanzia nje ya mji, unafuata Mto Li kwenda kusini hadi Yangshuo, kama kilomita 80 kwa maji. Ukiitoa noti ya yuan 20 mfukoni na kuigeuza nyuma, picha ile ni ya mtoni karibu na Xingping, mji mdogo wa zamani ulio kati ya Guilin na Yangshuo. Wengi hulala Guilin siku zote, kisha hulipa meli kwenda kuangalia kule. Nyinyi laleni kule kule, Guilin iwe ya usiku wa mwisho.

Treni ya kasi inatoka Guangzhou Kusini. Kutoka Xiaobei panda metro laini ya 5 mpaka stesheni ya reli ya Guangzhou, badilisha laini ya 2 hadi Guangzhou Kusini. Msikate tiketi ya Guilin, kateni ya stesheni ya Yangshuo. Sasa hapa watu wengi huchanganyikiwa: stesheni hiyo inaitwa Yangshuo lakini ipo upande wa Xingping, mji wa Yangshuo wenyewe uko mbali kidogo, mwendo wa basi. Kwenu ni bahati, kwa sababu mnaanzia Xingping. Safari ni masaa mawili na nusu hivi, daraja la pili weka yuan 150 kwa kichwa. Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla kwenye 12306, programu ya simu ya shirika la reli la China, na pasipoti ndiyo tiketi. Mageti ya kujipitisha mara nyingi hukataa pasipoti zetu, kwa hiyo nendeni moja kwa moja kwenye geti lenye mhudumu. Fikeni saa nzima kabla, stesheni ile ni kama uwanja wa ndege. Na viza yako ya biashara inatosha, huhitaji nyingine kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine.

Xingping wapeni usiku mbili. Asubuhi mapema, kabla mabasi ya watalii hayajafika, teremkeni mtoni mpaka pale wanaposimama watu wameinua noti ya 20 hewani, wanafunga jicho moja kulinganisha vilima na mchoro. Mtamkuta mzee amevaa kofia ya majani, ana fito begani na mnandi wawili wamekaa huku na huku. Ndege hao zamani walikuwa wavuvi kweli: shingoni wanafungwa kamba ili samaki mkubwa asipite, mzee anamtoa mdomoni. Siku hizi pale wanavua watalii. Ukinyoosha simu tu, mzee anakugeukia na kiganja. Ulizeni bei kabla, kubalianeni, kisha pigeni picha zenu kwa amani. Mimi sina tatizo naye, ile ndiyo biashara yake. Tatizo ni kujadili bei baada ya picha.

Ngalawa za "mianzi" za kutoka Yangdi hadi Xingping utazisikia sana. Jua tu kwamba ni mabomba ya plastiki yenye mashine nyuma, na mlio wake utakufuata njia nzima. Si mbaya, ila kama ni kuchagua moja, hifadhini hela kwa Mto Yulong, nje ya Yangshuo. Kule ni mianzi ya kweli, mtu mmoja anasukuma kwa upondo, hakuna injini, wawili mnakaa kwenye viti mnashuka na maji polepole. Tiketi kateni dirishani. Kwenye stendi ya basi watakuja wapiga debe wana picha zilizofunikwa plastiki wanakuita "rafiki". Wale ni kama wa Ubungo enzi zile, tabasamu na uendelee kutembea. Mvua ikiwa kubwa, maji yakipanda, ngalawa zote husimamishwa, ila kwa msimu wenu hilo ni nadra. Mvua zao kali ni za kuanzia Aprili hadi kiangazi.

Yangshuo mjini kuna barabara wanaita Xi Jie: baa, spika, bei za wageni. Piteni jioni moja mle, lakini chumba tafuteni nje, upande wa Mto Yulong. Kodini baiskeli, au pikipiki ndogo ya umeme kama magoti yanalalamika, mwende taratibu hadi daraja la Yulong, la mawe, la mwaka 1412. Njiani ni mashamba, michungwa, vibibi vinauza pomelo. Siku hiyo nzima haitawagharimu yuan 100 wawili, na nina hakika ndiyo siku shemeji ataisimulia.

Chakula: mifen, tambi za mchele za Guilin, mnakula asubuhi, mchana, na mkitaka usiku. Bakuli ni yuan chache tu, kumi hivi. Unaagiza kwa uzito, er liang (gramu 100) kwa njaa ya kawaida, san liang (gramu 150) kwa mtu wa kubeba mizigo. Unapewa tambi zenye mchuzi mzito na vipande vya nyama, kisha mezani unajiongezea mwenyewe karanga za kukaanga, maharagwe ya kuchachusha na pilipili. Kula kwanza zikiwa kavu. Zikibaki kidogo, nenda kwenye sufuria kubwa ujimiminie supu, hiyo hailipiwi. Nyama mara nyingi ni nguruwe, kwa hiyo ndugu Waislamu watafute mgahawa wenye bango la 清真, yaani halali, mara nyingi la kijani. Wale wa tambi za kuvuta kwa mkono za Lanzhou wapo karibu kila mji. Kuleni huko tambi za ng'ombe, zinashibisha vizuri.

Matuta ya mpunga ya Longji, ambayo dalali ameyaweka kwenye paketi, ni mazuri kweli, lakini si kwa tarehe zenu. Mpunga unaiva dhahabu mwishoni mwa Septemba na mwanzo wa Oktoba, mwisho wa mwezi mtakuta umeshavunwa, mnalipa kiingilio kuangalia mabua.

Guilin usiku wa mwisho: kilima cha Mkonga wa Tembo siku hizi hakina kiingilio, mnajiandikisha tu. Giza likiingia zungukeni ziwa la Shan mwone minara miwili ya Jua na Mwezi ikiwaka majini. Kupanda si lazima. Lile pango la taa za rangi mnaweza kuliruka.

Malipo. Kabla hujatoka Dar unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard na Alipay, programu ya Wachina ya kulipia kwa simu. Malipo chini ya yuan 200 hayana makato, juu ya hapo wanakata asilimia 3, kwa hiyo vitu vidogo lipieni hapo hapo bila wasiwasi. Noti kidogo za akiba muwe nazo. WhatsApp na Google havifunguki kwa laini ya kawaida ya kule, hivyo chukueni laini ya kimataifa inayotumia rominga. Ramani tumieni Amap.

Vyumba: gesti nyingine ndogo hukataa wageni wa nje, waandikieni kabla mkitaja kuwa mna pasipoti za Tanzania. Mkifika watazipiga picha kuwaandikisha polisi, ni kawaida. Na mwandae shemeji: huko vijijini mtaombwa picha, kuna mama atashika misuko bila kuomba. Mimi hucheka na kukubali moja, mbili, kisha naaga.

Hesabu yangu kwa wawili, usiku nne: treni kwenda na kurudi 600, vyumba 600, chakula 500, ngalawa, baiskeli na mabasi 500, dharura 200. Hiyo ni yuan 2,400, kwa shilingi 350 hivi kwa yuan unazungumzia kama laki nane na arobaini. Masanduku makubwa acheni hoteli ya Guangzhou, bebeni begi la mgongoni tu. Mtaa wa zamani wa Xingping ni mawe matupu na magari hayaingii.