Uliza Mwalimu wa Muziki: Asiyeshika ki tumfanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nimemaliza chuo mwaka jana, saivi nimepata kazi ya kufundisha muziki shule moja ya msingi hapa Tanga, ndo mara yangu ya kwanza kushika darasa. Mkuu wa shule kaniambia nimwandikie ukurasa mmoja kuhusu misimamo yangu na falsafa yangu ya kufundisha muziki, najaribu naona naandika maneno makubwa tu ambayo hata mwenyewe siyaelewi. Alafu kuna mwalimu mkongwe, kaka yangu kabisa kwa umri, ananishauri nichague watoto wenye sauti nzuri niwaandae kwa mahafali ya la saba, wasioshika ki, yaani wasioweza kufuata sauti ya wimbo, wapige makofi au wakae pembeni. Na kuna wazazi wamekuja kusema hawataki watoto wao wafundishwe muziki kwa sababu ya dini. Nianzie wapi? – Mwalimu mpya, Pongwe, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Hiyo karatasi anza na hilo jambo la mwalimu mwenzio, maana mkuu wako akishajua utamfanya nini mtoto asiyeshika ki, atakuwa ameshajua amepata mwalimu wa namna gani. Mi msimamo wangu nausema wazi: kila mtoto aliyeko darasani anaimba. Mtoto akiambiwa mbele ya wenzake "we nyamaza unatuharibia" huyo amefunga mdomo mpaka uzeeni, nimekutana na watu wazima wenye wajukuu, bado wanasema mimi sina sauti, mwalimu aliniambia nikiwa la tatu. Inaniuma sana hii.

Na mara nyingi shida haiko kwa mtoto. Kama we ni mwanaume, sauti yako iko chini ya zao oktavu nzima, yaani toka do mpaka do ya chini yake, ukianzisha wimbo kwa ki yako mtoto hajui akufuate huko chini au abaki kwake juu, anaishia kuguna katikati. Muombe binti mwenye sauti thabiti ndo aanzishe, au toa noti kwa filimbi, na nyimbo za mwanzo ziwe fupi, zisitoke sana nje ya ile noti ya D iliyo jirani na C ya katikati ya kinanda mpaka A ya juu yake, la kwanza na la pili wengi wanafika hapo bila kujikamua.

Yule anayeguna peke yake usimvute aje kwako, mfuate wewe. Mwambie atoe sauti yoyote anayotaka, aishike, na we iimbe hiyo hiyo pamoja naye mpaka asikie sauti mbili zimekuwa moja. Utamwona macho yanabadilika, wengine wanacheka kabisa maana hawajawahi kusikia kitu hicho. Hapo ndo unapanda naye noti moja, mkatulia, mkapanda nyingine. Darasa zima waambie waige pikipiki inayopanda mlima wa Soni kwenda Lushoto, wiiii mpaka juu kabisa alafu ishuke taratibu, hapo hata waoga wanajikuta wamefika juu bila kujua. Wengine inachukua wiki mbili, wengine muhula mzima, we usichoke nao. Siku ya mahafali wapande wote, mwenye sauti nzuri mpe kutoa wimbo na wenzake wapokee, mbona ngoma zetu nyingi zimejengwa hivyo hivyo. Huyo mwalimu mkongwe mwambie kwa heshima zake zote, "kaka nimekusikia, ila naomba niwajaribu wote kwanza", usibishane naye stafu.

Jambo la pili ni nyimbo zenyewe. Chuoni utakuwa umesikia habari za walimu wakubwa wa muziki, Kodály wa Hungaria, aliyeshikilia kwamba mtoto aanze na nyimbo za kwao, sikio na sauti mbele, kusoma noti baadaye, na Suzuki wa Japani aliyeamini mtoto anaweza kuupata muziki kama anavyoipata lugha ya mama, kwa kusikia na kurudia. Chukua mawazo yao lakini usije ukawafundisha watoto wa Pongwe nyimbo za Hungaria, hata Kodály mwenyewe utakuwa hujamwelewa. Tanga jamani! Mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu mtindo ukaenea pwani, mji alikoimba Shakila wa taarabu, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Hao watoto wana bibi na babu waliocheza muziki huo, watume wakaulize. Kila mtoto alete wimbo mmoja wa nyumbani, wa kubembelezea, wa kutwangia, wa mchezo, uwe wa Kidigo, Kisambaa, Kibondei, Kizigua, wowote ule. Mashairi ya taarabu yapitie mwenyewe kwanza lakini, mengine ni ya wakubwa. Na kule Bagamoyo, chuo cha sanaa kipo tangu 1981, pale alifundisha marehemu Hukwe Zawose, Mgogo na ilimba yake, ile ya kubonyeza vyuma kwa vidole gumba, na zeze lake, muziki wa kwao ndo uliomfikisha dunia nzima.

Noti zije baada ya sikio. Anza na so na mi, zile zile watoto wanazoitania "nyanyanya", alafu ongeza la, ukifika do re mi kamili wanakuwa wameshaijua kwa mdomo kabla hujaiandika ubaoni. Solfa hii, yaani kuimba kwa do re mi, ilisambazwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19, ikaletwa na wamisheni, na kwaya zetu mpaka leo madaftari yao yamejaa d :r :m na vile vidoti, kwaiyo ukimfundisha mtoto solfa umempa kitu atakachokitumia kesho.

Wazazi wa dini usiwafundishe dini yao. Wakaribishe, wasikilize, waulize ni kitu gani hasa hawakitaki, maana mmoja anakataa vyombo tu, mwingine anakataa maneno ya wimbo, mwingine anakataa kucheza jukwaani, na wengi wao watoto wao wanaimba kaswida na dufu madrasa vizuri mno, ukimpa huyo mtoto kazi ya mdundo utashangaa. Usimwimbishe mtoto wimbo wa ibada ya dini nyingine. Na mzazi akikataa kabisa, mtoto asiadhibiwe wala asichekwe, mpe kazi nyingine hapo hapo darasani.

Karatasi yako basi iwe hivi hivi, kwa maneno yako: nitaimbisha wote, sitamwaibisha mtoto kwa sauti yake, nitaanza na nyimbo za kwao, sikio kabla ya noti, na wazazi nitaongea nao. Chini yake omba vipindi viwili kwa wiki, mwambie kimoja hakitoshi.

SWALI: Mwalimu mambo, sisi hatuna hata kinanda, nafundishaje? – Ticha, Bagamoyo

JIBU: Poa ticha. Sauti mnazo, makofi mnayo, debe halikosekani. Kayamba mnatengeneza wenyewe kwa matete na mbegu ngumu au vichangarawe ndani. Tafuta chupa nane za soda zinazofanana, tia maji kwa viwango tofauti mpaka upate do mpaka do, simu yako ina programu ya bure ya kutyuni itakusaidia. Ila angalia kitu kimoja: ukiigonga chupa kwa kijiti, maji yakiongezeka sauti inashuka, ukiipuliza mdomoni maji yakiongezeka sauti inapanda. Waache watoto wagombane wenyewe kwa nini iko hivyo kabla hujawaambia.